Walivyoukarabati Mnara wa Wapagazi

Mwezi uliopita nilikuwa nikipita Umoja, mahali mafundi walipokuwa wakipaka choo cha shule, nikanusa chokaa iliyotoka kumwagiwa maji. Harufu ile haifanani na nyingine. Ni kama vumbi lililopikwa, na hukukausha koo kabla hujajua unanusa nini. Nilisimama kando ya njia na mfuko wangu wa sukuma wiki, na badala ya kuukumbuka utoto kwa tabasamu, kama watu wa rika langu wanavyopenda kufanya, nilijikuta nimekasirika. Nilikasirika kama mtu aliyeibiwa asubuhi ile ile. Fundi mmoja akaniuliza, "Mathe, kuna shida?" Nikamwambia hakuna. Lakini shida ipo, na nimechoka kuinyamazia.

Mliokulia nyumba za kanjo, zile za baraza la jiji, nyuma ya Jogoo Road mnajua mitaa yetu ilivyokuwa: safu za nyumba za chumba kimoja, kamba za nguo kutoka mlango hadi mlango, bomba moja la maji lenye foleni yake, na uwanja wa udongo mweusi ulionata miguuni mvua ikinyesha. Uwanja wetu ulikuwa na kitu ambacho mitaa mingine haikuwa nacho. Katikati yake palisimama mnara wa mawe ya kijivu, mrefu kuliko paa la nyumba yetu, wenye ngazi tatu chini ambazo wanawake walizikalia wakichambua mboga.

Waingereza waliujenga kuwakumbuka wapagazi wa vita vile vya kwanza vya Wajerumani. Ni watu wetu, waliotolewa majumbani mwao wakabebeshwa risasi, unga na mahema ya jeshi hadi Tanganyika. Wengi hawakurudi. Hata jina la soko la Kariokor, ambako mama yangu aliuza akala za matairi, lilitokana na jina la Kiingereza la kikosi chao. Juu ya mnara paliandikwa maneno ya shukrani kwa Kiingereza, yaliyochongwa vizuri, herufi zote sawasawa. Jina halikuwepo hata moja. Wenye jeshi walishukuru mizigo kufika. Waliobeba walikuwa akina nani, hilo halikuwahusu.

Basi majina waliyaandika wenyewe waliofiwa. Sehemu ya chini, kuanzia ngazi ya juu hadi pale mkono wa mtu mzima unapofika, jiwe lilikuwa limejaa majina yaliyokwanguliwa kwa misumari, kwa visu, kwa chochote kilichokuwa karibu. Mengine yalikuwa makubwa na ya kupinda, mengine madogo kama mtu aliyeandika akiogopa kuonekana. Waluhya, Wakamba, Wajaluo, Wakikuyu, majina ya Kiislamu ya watu wa Pumwani, yote yamebanana. Moja kati ya hayo lilikuwa ASAVA, baba yake Guku.

Guku ni nyanya kwa Kilogooli. Alikuwa mama yake baba, na aliishi nasi tangu babu alipofariki kijijini. Asava alipochukuliwa, Guku alikuwa bado anabebwa mgongoni. Hakumjua kwa sura. Kaka yake Guku, aliyekuja Nairobi kufanya kazi ya reli, ndiye aliyelikwangua jina hilo, na alipolimaliza alirudi nyumbani kumweleza mama yao kwamba mumewe sasa ana mahali. Kaburi hakuna. Picha hakuna. Duniani kote jina la mtu yule lilikuwa limeandikwa pale tu. Kila Jumapili tukitoka kanisani Guku alipanda ngazi zile, akaweka kiganja juu ya herufi, akasimama kidogo, kisha akasema, "Haya, twende tukapike."

Mimi nilikuwa darasa la tatu, na nilikuwa na maelezo yangu kuhusu mnara. Niliamini kwamba watu wale walikuwa ndani. Si kama maiti, la. Niliona walikuwa ndani kama baba yangu alivyokuwa ndani ya kiwanda cha sabuni Baba Dogo: unaingia asubuhi, geti linafungwa, unafanya kazi, halafu jioni unafunguliwa. Kwa akina Asava jioni ilikuwa haijafika tu. Sikuona ajabu yoyote. Niliwahi hata kugonga na kusikiliza.

Kwa hiyo siku lori la mchanga liliporudi nyuma likaugonga mnara, nilikuwa wa kwanza kufika. Ule mlio sijausahau, mlio mfupi, mzito, kama mlango mkubwa unaofungwa kwa hasira. Ncha ya juu ilianguka ikavunjika vipande, na ufa ukashuka upande mmoja hadi karibu na ngazi. Watu wazima walimzunguka dereva wakimpigia kelele. Mimi niliweka jicho kwenye ufa.

"Kageha, unatafuta nini hapo?" mama akaniuliza.

"Naangalia kama wanatoka."

Mama alinivuta mkono akacheka. Guku hakucheka. Aliinama naye akachungulia, kisha akasema, "Bado."

Kwa wiki kadhaa hakuna aliyejali isipokuwa sisi. Wakubwa fulani walisema ubomolewe tu, ni hatari kwa watoto. Wakazi wakakataa, wakaandamana hadi kwa chifu. Hatimaye ofisi ya serikali inayoshughulikia mambo ya kale ikamtuma mtu. Tulitarajia mzee wa suti. Akaja dada mmoja wa Pumwani, Halima, mwenye leso kichwani na viatu vya raba, aliyesomea kazi ya kutunza majengo ya kale. Aliokota kila kipande, hata vidogo kama kidole, akavipanga juu ya gunia kama mtu anayepanga sahani. Kisha akaleta pipa, akatia mawe ya chokaa, akamwaga maji. Pipa likaanza kuchemka lenyewe bila moto! Watoto wa mtaa mzima tulipiga mayowe. Harufu ile ilikaa kwenye nguo zetu msimu mzima wa mvua.

Mara ya kwanza yeye na Guku kuzungumza, waligombana. Halima alikuwa akimweleza baba yangu jinsi kazi itakavyokwenda. Akaonyesha majina kwa penseli yake.

"Na huku chini kuna uharibifu wa zamani," alisema. "Watu wamekwaruzakwaruza."

Guku alikuwa ameketi ngazini na ungo wa mchele. Akauweka chini.

"Uharibifu ni upi?"

"Haya maandishi, Mama."

"Hilo unaloliwekea penseli ni baba yangu. Lori limepita hapa, hukuliita uharibifu, umeliita ajali. Baba yangu ndiye uharibifu?"

Halima aliiondoa penseli polepole. Nilimwona anatazama jina, kisha lililo jirani yake, kisha jingine, kama mtu aliyeingia chumba alichodhani ni kitupu akakuta kimejaa watu. Akaja akaketi kwenye ngazi karibu na Guku.

"Nisamehe, Bibi," akasema. "Niambie ni nani."

Walikaa pale hadi mchele ukawa umechambuliwa mara mbili. Kutoka siku hiyo Halima alikuwa mtu wa nyumbani. Alisafisha kila jina kwa brashi laini ya manyoya, akapitisha chokaa kwenye nyufa bila kugusa herufi. Watu wakaanza kumletea habari: huyu alikuwa mjomba wa mama fulani, huyu familia yake ilihamia Machakos, huyu hajulikani tena. Baba alimuuliza kwa nini asitumie saruji amalize haraka. Alijibu kwamba saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, inafungia maji ndani, na jiwe likikosa kupumua linaoza kutoka ndani. Chokaa ni pole, inakwenda na jiwe. Kazi hiyo ingechukua miezi.

Lakini uchaguzi ulikuwa unakaribia, na diwani wetu hakuwa na miezi.

Alikuwa mtu wa kucheka sana, mwenye tumbo na saa inayong'aa, aliyetuita watoto "viongozi wa kesho" na kutugawia peremende. Miaka yote hakuwahi kuupanda mnara ule. Ghafla akaupenda. Alitaka auzindue mbele ya mgeni wa heshima, na picha zitoke gazetini. Halima akamwambia haujawa tayari. Diwani akacheka, akaondoka, na wiki iliyofuata Halima aliitwa ofisini kwao mjini kueleza kwa nini anachelewesha maendeleo ya wananchi.

Siku hiyo hiyo, akiwa huko anajieleza, pikapu ikaingia uwanjani. Ilikuwa mchana. Baba yuko kiwandani, mama yuko Kariokor, sisi wa madarasa ya chini tumetoka shule. Vijana wanne walishusha mifuko ya saruji, mikebe ya rangi na mashine ya kusagia mawe. Walivuta waya wa umeme kutoka kwa kinyozi.

Guku alielewa kabla yangu. Alitoka na malapa yake, akapanda ngazi, akaegemeza mgongo wake kwenye mnara, palepale penye jina.

"Shosho, tupishe tufanye kazi," kijana mwenye mashine akasema. Hakusema kwa ubaya.

"Kazi gani?"

"Kukarabati. Tunatoa hizi michoro, tunapiga plasta, inakuwa safi."

"Nani amewaambia ni michoro?"

Yule kijana akawatazama wenzake. Nadhani wangeondoka. Naapa wangeondoka, kwa sababu mmoja alishaanza kukunja waya. Lakini diwani alifika na gari lake, akashuka akitabasamu.

"Mama yetu! Habari ya leo? Hii ni maendeleo, Mama. Mgeni anakuja Ijumaa. Tumwonyeshe mnara uliochorwachorwa na wahuni?"

"Baba yangu alikuwa mhuni?"

"Hapana, Mama, lakini sheria ni sheria. Mnara ni wa serikali, si wa familia."

"Serikali ndiyo iliyomchukua," Guku akasema. "Haikuandika jina lake ilipomchukua, haikuliandika alipokufa. Tumeliandika sisi. Sasa hilo pia mnalitaka?"

Wanawake walikuwa wameanza kukusanyika. Tabasamu la diwani likapotea. Akasema kwa sauti ya chini, lakini nilikuwa karibu nikasikia, "Mama, mwanao anakaa nyumba ya kanjo. Nyumba hizi zina foleni ya watu wanaozingoja."

Kisha akatoa ishara kwa kichwa. Vijana wawili wakambeba Guku. Mwanamke wa zaidi ya miaka themanini, wakamwinua kwapani na magotini kama gunia la makaa, wakamweka kwenye kiti mbele ya kibanda cha biashara cha jirani yetu, Mama Mutiso. Mmoja wao alikuwa akisema, "Pole Shosho, pole Shosho," na sijawahi kujua nilimchukia zaidi au nilimhurumia.

Mashine ikaanza. Sijui niwaelezeje sauti ya chuma kinachokula jiwe. Vumbi la kijivu lilipaa juu ya uwanja likatua juu ya nguo, juu ya mboga, ndani ya midomo yetu. Na mimi, Mungu anisaidie, nilifikiri ndio wanatoka. Nilifikiri jioni yao imefika. Nilimkimbilia Guku nikamwambia, "Guku, wamefunguliwa!"

Alinitazama. Kilemba chake kilikuwa cheupe kwa vumbi. "Hapana, mama," akaniambia. "Wamefutwa."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuelewa kwamba mtu anaweza kufa halafu akauawa tena.

Halima alirudi jioni akakuta plasta ya saruji ingali mbichi, imesawazishwa kama ukuta wa choo. Alikaa ngazini akalia waziwazi, mtu wa serikali, mbele ya watoto. Baba alipotoka kazini na kuelezwa, alitaka kwenda kwa diwani usiku ule, lakini mama akamshika shati. "Tutalala wapi?" alimuuliza. Baba akakaa. Nilimwona baba yangu anakaa, na hilo pia ninamdai diwani yule.

Ijumaa ukaja uzinduzi. Mnara ulipakwa rangi nyeupe, ngazi kijani. Waliupachika kibao cha marumaru kilichosema kwa herufi za dhahabu kwamba umekarabatiwa na diwani, jina lake lote, hata la kati, na cheo. Fikirieni. Mnara uliojengwa kwa ajili ya wafu ambao haukuwataja, ukapata jina lake la kwanza la halali, na lilikuwa la mtu aliye hai, aliyeshiba. Mgeni wa heshima alisema vijana waige mfano wa kuhifadhi historia. Watu walipiga makofi. Guku aliketi mstari wa mbele kwa sababu wapiga picha walitaka akina mama wazee waonekane. Hakupiga makofi, mikono yake ilikuwa imelala mapajani.

Magari yalipoondoka, huku vijana wakikunja mahema, alisimama. Alimwomba Mama Mutiso msumari wa kufungulia mikebe. Akapanda ngazi, akapapasa plasta hadi alipopata mahali, akaanza kukwangua. Hakuwa amesoma. Herufi alizijua tatu tu, zile za jina la baba yake. Kila mtu alimwona. Hakujificha, hakuharakisha.

Kesho yake asubuhi askari wawili walimchukua. Akashtakiwa kwa kuharibu mali ya umma kwa makusudi.

Baba alimsihi sana kabla ya kesi. "Mama, sema umekosea tu. Sema hukujua. Watakuachilia." Guku alikuwa akinywa uji. Akamwambia, "Nitasema nilichofanya," akaendelea na uji wake.

Mahakamani palijaa wanawake wa mtaa wetu. Hakimu alikuwa mama wa makamo, mwenye uso uliochoka. Karani akasoma mashtaka, akauliza kama kawaida, "Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli niliandika," Guku akasema. "Si kweli niliharibu."

Hakimu akainua kichwa. "Uliandika nini?"

"Jina la baba yangu. Lilikuwepo hapo tangu nikiwa msichana. Wakalitoa kwa mashine. Nimelirudisha. Hata yeye," akamwonyesha Halima kwa kidole, "kazi yake ni kurudisha kilichovunjika, na serikali inamlipa. Mimi sikuomba mtu kitu."

Watu wakacheka, wakanyamazishwa. Halima akaomba kusema, akaruhusiwa. Alieleza bila kupaza sauti: majina yale yalikuwa sehemu ya mnara, pengine sehemu yake ya maana kuliko zote, na walioyasaga waliyasaga bila kibali cha ofisi yake. Hakimu akamuuliza kiongozi wa mashtaka mlalamikaji yuko wapi. Diwani hakuwa amefika. Alikuwa kwenye kampeni.

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mama, nakuachilia kwa onyo. Usirudie."

Guku hakuondoka kizimbani. "Nisirudie kuandika au nisirudie kuharibu?"

Hakimu hakuinua uso kutoka kwenye karatasi zake.

"Kuharibu," akasema.

"Basi sitaharibu."

Tulipofika nyumbani tulikuta wameshapaka rangi upya juu ya jina. Guku akaliandika tena. Wakapaka. Akaandika. Kila rangi ilipokauka alikuwepo, na sasa wanawake waliketi pale ngazini wakati anaandika, hakuna aliyethubutu kumbeba tena. Mama Mutiso akaandika la babu yake pembeni. Mzee mmoja akaja kutoka Pumwani akaandika la ami yake. Diwani alishinda uchaguzi, lazima niseme, alishinda kwa kura nyingi, na hakuna siku aliyoulizwa lolote. Halima alihamishiwa mbali, kwenye ghala la ofisi yao. Nyumba hatukunyang'anywa. Wale wapaka rangi ndio waliochoka kwanza.

Na saruji ilifanya kama Halima alivyosema. Baada ya misimu michache ya mvua ilivimba, ikabanduka mabamba mabamba pamoja na ngozi ya jiwe lenyewe, na kibao cha dhahabu kikaanguka nacho. Mnara bado upo, nusu, umekula chumvi.

Watu wakinisikia nikisimulia haya hufurahia pale mahakamani, na hudhani nimesimulia ushindi. Mimi sioni hivyo. Guku alirudisha jina moja. Mama Mutiso moja. Watu wengine wachache walirudi na majina yao. Lakini jiwe lile lilikuwa limejaa hadi pale mkono unapofika, na jamaa za wengi waliotajwa pale walikuwa wameshahama, au wamekufa, au hawakujua kama kuna kilichofutwa. Wafu wao hawakuwa na mtu mtaani kwetu wa kuomba msumari. Nimejaribu kuwakumbuka, maana nilijifunzia kusoma juu yao. Nakumbuka Mutiso. Nakumbuka Juma bin nani sijui. Nakumbuka Ochola, herufi ya O kubwa kuliko zote. Baada ya hapo sina kitu. Waliobaki waliondolewa mchana kweupe, mbele ya mtaa mzima, na aliyewaondoa alipigiwa makofi kwa kuhifadhi historia.